Simba wa Kwenye Kibao

3 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu. Sisi ni wazima, ukiacha meno yangu ambayo yanaondoka moja moja bila kuaga. Mama anaendeleaje na goti lake? Mwambie yale mafuta niliyompa dereva wa basi ni ya kuchua, asiyatunze kabatini kama manukato. Bati la jikoni liling'oka upepo ulipopita. Kaka yako hayupo wa kulipigilia, basi nimeliwekea jiwe.

Sasa jambo lenyewe. Juzi tumeshirikishwa. Hilo ndilo neno lao. Watu wa ofisi yenu ya mipango wamekuja kutuuliza tunataka ndani ya hifadhi ya wanyama pajengwe nini miaka ijayo. Walifunga hema pale getini, mbele viti vyenye vitambaa vyeupe kwa ajili yao, nyuma viti vitupu kwa ajili yetu. Walikuja na magari matatu kuuliza swali, na ndani ya magari hayohayo walikuwa wamebeba jibu, limeshachapwa kwenye karatasi inayong'aa.

Mkuu wenu nimempa jina la Bwana Kwa Ujumla, maana hana sentensi isiyoanza hivyo. Fundi baiskeli alinyanyua mkono.

"Hii barabara mpya itapita wapi?"

"Kwa ujumla, itapita kwa manufaa yenu."

"Sawa. Na hayo manufaa yako upande gani wa mto?"

Watu wakacheka. Bwana Kwa Ujumla naye akacheka, akaandika kitu. Nilikuwa karibu, nikachungulia. Alikuwa amechora ua.

Kisha wakatundika ramani kubwa, kila mtu akapewa vibandiko. Cha kijani unabandika mahali unapotaka pajengwe, chekundu mahali usipotaka paguswe. Mimi changu chekundu nilikiweka kwenye kona ya mto, penye kituo cha zamani cha doria, alipolala kaka yako. Unaijua habari ingawa hukuwahi kufika: mvua ilikata barabara, homa ikamzidi, gari likakwama njiani, na alipokwisha kufa hatukuweza kumtoa, tukamzika palepale kituoni kwake. Mlinzi wa geti ndiye anayeniruhusu kuingia kumfagilia.

Huyo mlinzi aliniona, akaja akabandika chake chekundu juu ya changu. Akafuata fundi baiskeli. Halafu ukawa mstari, watu hawaulizi, wanabandika na kunishika bega. Hadi wanakunja hema, kona ile ilikuwa imeiva kama pilipili.

Sikukuona kati yao, nami sikuuliza. Niambie tu, vile vibandiko vinakwenda wapi?

Wifi yako,
mke wa kaka yako

29 Machi

Wifi,

Barua yako imenikuta na mafua. Mama hajambo. Goti linamfikisha dirishani, na dirisha linamtosha kuwasimanga majirani wote wa ghorofa ya chini. Mafuta ameyapaka, anasema yananuka kama duka la fundi magari lakini yanasaidia.

Nakuomba usimcheke sana mkuu wangu. Ndiye anayesaini likizo yangu.

Kuhusu mkutano wenu, rasimu ya ripoti imetoka na nimeisoma. Kona ya mto imeongoza. Imeandikwa kuwa ni "eneo lenye mvuto mkubwa kwa wananchi." Kwa sababu hiyo inapendekezwa pajengwe mgahawa wa mbao, jukwaa la kutazamia machweo, na maegesho ya magari. Bado ni rasimu, kwa hiyo tusikimbilie kulia. Mchakato una hatua zake.

Weka misumari kwenye lile bati, jiwe litakuja kumwangukia mtu.

Wifi yako

8 Aprili

Wifi yangu wa mjini,

Salamu. Misumari nimeweka. Mlinzi wa geti alishika ngazi, nikapanda mwenyewe, na alikuwa ananisifu kwa sauti ya mtu anayeomba nisimwangukie.

Barua yako nimeisoma nje, kisha nikaingia ndani nikaisoma tena, labda mwanga ulinidanganya. Umeandika habari za mvuto, mgahawa na machweo. Hukuandika rangi.

Vilikuwa vyekundu, wifi. Vyote. Hata taa za barabarani, ambazo hazikusoma, zinajua nyekundu maana yake nini. Watu walisema hapa msiguse, na ofisi yenu ikasikia tuleteeni meza na viti. Kama ndivyo mnavyosikiliza, basi siku nyingine tukitaka kisima tutawaambia hatuna kiu.

Watakula nini pale, na viti vyao watavikanyagisha wapi? Miguu ya meza itakuwa kifuani kwa mume wangu. Huyu mtu alikuwa hawezi hata kulala na soksi, akisema zinambana.

Nijibu kuhusu rangi.

Mke wa kaka yako

11 Juni

Wifi,

Najua nimechelewa. Tulikuwa na kazi nyingi, na Mama alilazwa kwa presha. Sasa yuko nyumbani anawaponda wauguzi.

Nakujibu. Mashine ya ofisini ya kuchapa kwa rangi imeharibika tangu mwaka jana. Picha ya ramani yenu ilitolewa fotokopi nyeusi na nyeupe, na vibandiko vyote vikatoka kijivu. Mkuu akaona palipojaa, akapachagua. Nilikwenda kumweleza. Nilimsomea kabisa ulichoniandikia. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa mvua inanyesha nchi nyingine, akasema, "Kwa ujumla, kibandiko ni kibandiko."

Nikaitafuta ramani yenyewe nimwonyeshe. Nimeikuta chumba cha mikutano. Wameigeuza upande mweupe juu, wamefunikia meza ya chai. Ina duara la kikombe kila mahali.

Lakini usiogope tena. Nimepata njia. Hakuna jembe litakalogusa kaburi, limeshawekewa alama ya kuhifadhiwa, na mgahawa unasogezwa pembeni. Usiniulize nilisema nini. Wewe lala.

Wifi yako

2 Julai

Wifi yangu,

Mama apone. Nimemfumia kitambaa cha magoti, dereva wa basi atakuletea. Barua yako ilinifurahisha, nikaenda kumweleza kaka yako. Nilimfagilia, nikamwambia dada yako amekupigania. Nilikaa mpaka mlinzi aliponipigia filimbi.

Wiki iliyofuata wakaja watu wawili na kamera, na mchoro umeviringishwa. Wakaukunjua mezani kwangu. Ni kibao kitakachosimamishwa pale konani. Kina simba amepanua kinywa, na mbele yake mwanamume mwenye bunduki na misuli kama ya mbeba mizigo.

Nikauliza, "Huyu ni nani?"

"Mumeo, mama."

"Na huyu?"

"Simba aliyemuua."

Nikawaambia wakae kwanza wanywe maji, maana niliona jua limewapiga. Wakanisomea maandishi: Shujaa wa Kona ya Mto, aliyemkabili simba kuwalinda wageni. Wanasema mwezi ujao kuna mkutano wa pili wa wananchi. Mfadhili wa mgahawa atakuja, na mimi nitasimama kumsimulia siku ile ilivyokuwa. Mmoja akaniomba, kwa adabu kabisa, nikifika kwenye simba nitulie kidogo ili kamera inikaribie.

Wifi, kaka yako aliogopa simba. Unajua. Mwaka wa kwanza wa ndoa simba alipita nyuma ya kituo, kaka yako akapanda paa la choo akabaki huko hadi asubuhi. Aliposhuka akaniambia, "Afande, nilikuwa nakagua mabati." Aliniita Afande hadi mwisho. Alikuwa akisema anampenda sana simba, mradi simba awe upande wa pili wa mto.

Umemwambia nini Bwana Kwa Ujumla?

Mke wa kaka yako

19 Julai

Wifi,

Mama anashukuru kwa kitambaa. Ameanza kuwaonyesha majirani aliowasimanga.

Ndiyo, ni mimi. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya mkuu na ripoti ya kijivu mkononi. Nilimwambia pale pana kaburi. Akasema makaburi huhamishwa, kuna fungu lake la fedha. Nikamwambia ni la kaka yangu. Akasema pole, akafungua jalada jingine. Ndipo nikasema, "Aliuawa na simba akiwaokoa wageni." Sijui lilitoka wapi. Lakini wifi, ungemwona. Alifunga lile jalada. Aliniomba nikae. Kwa miaka yote niliyofanya kazi pale, hajawahi kuniomba nikae.

Ukweli nilishawapa, wakaupiga fotokopi. Hawa watu hawasikii kaburi, wanasikia simba. Basi tuwape simba, watuachie kaburi. Ni sentensi moja tu. Simama, sema simba, keti. Ukikataa, mgahawa unarudi palepale kwenye mchoro wa kwanza, na yule mwenye fungu la kuhamisha ataletewa sepetu. Sitakuwa na neno jingine la kuwazuia.

Nakuomba. Si kwa ajili yangu.

Wifi yako

30 Agosti

Wifi yangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Sikukujibu ile barua kwa sababu nilikuwa sijui nitakachofanya, na kukuandikia "sijui" niliona ni kupoteza stempu. Sasa mkutano umeisha. Nakueleza mwenyewe kabla hujaelezwa ofisini.

Hema lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Mfadhili alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kofia pana, na walimpepea mpaka akaomba waache. Kile kibao kilikuwa kimesimamishwa mbele, kimefunikwa kitambaa kama bibi harusi. Walipokifunua, fundi baiskeli akaniegemea akauliza, "Huyu mwenye misuli ndiye nani?" Nikamwambia. Akaziba mdomo kwa kofia yake.

Bwana Kwa Ujumla akanipa kipaza sauti.

"Mama, kwa ujumla, tueleze siku ile."

Nikasema, "Siku ile ilikuwa mvua."

"Ndiyo. Na simba akatokea wapi?"

Nikatulia kama nilivyoombwa. Kamera ikanikaribia. Nikamfikiria yule mwenye sepetu, wifi, nakuapia nilimfikiria. Halafu nikasema, "Simba hakutokea. Naye ana akili zake, alikuwa amejikinga mvua."

Watu walicheka hadi viti vikalia. Bwana Kwa Ujumla akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti, lakini mfadhili akamzuia kwa kidole, akasema, "Mwache." Basi nikaendelea. Niliwaambia mume wangu alikufa kwa homa, kitandani, ndani ya chandarua alichokitia viraka kwa nyuzi za ndoano. Alikuwa anataka maji kwenye kile kikombe chake cha bati tu, chenye mdomo uliobenuka, cha kioo alikikataa. Neno lake la mwisho halikuwa la kishujaa. Aliniuliza kama kuni nimeziingiza ndani. Nilikuwa nimeziingiza. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Vizuri, Afande."

Nilipokaa, mlinzi wa geti akasimama bila kuitwa. Akasema marehemu ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu kwa mkono mmoja. Fundi baiskeli akasema, "Mimi alikuwa anawakimbia hata bata wangu." Akafuata mwingine, na mwingine. Mama mmoja akasema kila alipopita kwake alikuwa akimrudishia kuku waliotoroka, anawashika vibaya kama anabeba mtoto wa mtu. Nilikuwa sijui hilo. Miaka yote hiyo naishi naye, kumbe alikuwa anabeba kuku.

Wifi, nilitazama meza yenye vitambaa vyeupe. Walikuwa wameacha kuandika. Walisafiri wakatufungia hema kukusanya maoni, na maoni yalipokuja wakafunika kalamu zao. Bwana Kwa Ujumla alikuwa anatazama saa yake kana kwamba ndiyo iliyomsaliti. Sijawahi kumchukia mtu, nami hata yeye sikumchukia. Nilimwonea aibu, kama unavyomwonea aibu mtu aliyesahau kufunga zipu.

Najua nilichohatarisha. Usidhani sikukupenda kwa ulichofanya. Lakini nilifikiri hivi. Wakimfukua, wamemfukua yeye, nami nitajua mifupa imekwenda wapi, nitaifuata. Wakimwacha chini ya kile kibao, aliyelala pale atakuwa mtu mwingine, mwenye misuli, asiyenijua. Nitakuwa namfagilia mgeni.

Nangoja nisikie. Mlinzi ameniambia gari lenye sepetu likija atakuwa hauoni ufunguo wa geti.

Mke wa kaka yako

27 Septemba

Wifi,

Sisi wazima. Naandika nikiwa chumba kipya, nitakueleza.

Walikutana siku tatu baada ya kurudi kutoka kwenu. Mimi niliitwa nisimame, safari hii sikuambiwa nikae. Mkuu alisema nimeidhalilisha ofisi. Nikasema ofisi ilihitaji msaada kidogo tu. Kisha wakaijadili kona ya mto, nami nikafumba macho. Unajua alisema nini? "Kwa ujumla, homa haiuziki. Hakuna mgeni atakayepanda ndege kuja kutazama homa." Mfadhili alikuwa ameshawaambia hatatia hata senti kwenye mgahawa ambao watu wa karibu watakuwa wanaucheka. Basi wamefuta kona yote. Hakuna mgahawa, hakuna jukwaa, hakuna kibao, hakuna maegesho. Wamehamia kwenye kilima cha pili, ambako simba wapo kweli na watu hawapo. Uamuzi umesainiwa. Nimeuona kwa macho yangu, na safari hii haukupita kwenye fotokopi.

Kwa hiyo yuko salama, kwa sababu walimdharau. Sijui nicheke au nilie. Wangempenda kidogo tu wangemchimba.

Mimi nimetolewa mipango, nimepelekwa masijala, chumba kisicho na dirisha. Jirani yangu ni ile mashine ya rangi. Bado mbovu. Tunasikilizana.

Mama nilimsomea habari ya kibao kabla hujakataa, nikidhani itamfariji. Akasema, "Simba? Mwanangu alikuwa anapiga kelele akiona mjusi." Alicheka mpaka nikaogopa presha. Tangu msiba ule sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Hujawahi kuniuliza kwa nini sijafika. Barabara ilikauka zamani, najua. Ofisini nilikuwa naifungua ile ramani, naweka kidole kwenye kona ya mto, naondoa, naendelea na kazi. Pale ni kitone tu. Nilijua nikija kitakuwa udongo.

Nitapanda basi Ijumaa ya pili ya mwezi ujao. Kile kikombe bado unacho?

Wifi yako

2 Novemba

Wifi yangu mpendwa,

Natumaini ulifika salama na basi halikukuchosha. Msalimie Mama, mwambie mchanga wa kaburini uliomchukulia asiuweke karibu na yale mafuta, atakuja kuupaka gotini.

Huku tu wazima. Jino jingine limekwenda. Fundi baiskeli anakuulizia, nimemwambia una mashine mbovu unayoitunza, yeye hana nafasi. Mlinzi wa geti anasema hajawahi kuona mtu wa ofisi ya mipango akipiga magoti, na kwamba angejua angeita watu waje kushuhudia. Nimemwambia akome.

Jana nilikwenda kumfagilia. Kikombe ulikiacha pale juu ya jiwe, sijui kwa kusahau au kwa makusudi. Kilikuwa na maji ya mvua. Nimekiacha.

Wanasema kule kilima cha pili nako watafunga hema, watafanya mkutano wa wananchi. Kwa kuwa hakuna wananchi, watatubeba sisi kwa lori. Vibandiko vitakuwepo. Nitakwenda, nitakula biskuti zao, nitabandika changu kwenye shati la Bwana Kwa Ujumla.

Nimekuwa nikilifikiria ulilosema tulipokuwa tunarudi, kwamba ulitaka tu asisahaulike. Hatasahaulika. Kuna bata, kuna kuku, kuna kamba za viatu. Yametosha.

Nina ombi moja, wifi, nalo ni dogo. Siku yangu ikifika, usinitafutie simba. Unikumbuke tu.

Mke wa kaka yako